Kilo Nane za Kipupwe

Munyoki wa mzani ana kasoro moja: hana siri. Anakaa pale kwenye steji ya matatu ya mtaa wetu, Mowlem, na mzani wake wa kukanyaga na ubao wa kupimia urefu, na ukishapanda, badala ya kukunong'oneza kama daktari, anatangaza kama makanga anayeita abiria.

"Sabini na moja!" akasema, mwisho wa Julai, mbele ya mama mboga na vijana watatu wa bodaboda. "Madam Celine, sabini na moja!"

Mwezi wa tano nilikuwa sitini na tatu. Nikamwambia mzani wake umelala vibaya. Akausogeza. Sabini na moja. Nikamwambia basi umechoka, umekanyagwa na watu wengi. Munyoki hakubishana. Alienda duka la jirani, akaazima pakiti ya unga ya kilo mbili, akailaza juu ya mzani. Mzani ukasema mbili. Nikasema huenda hata unga siku hizi wanazidisha.

"Kenya hii?" akauliza mmoja wa wale vijana, wakacheka wote, nami nikashuka.

Lazima nieleze kwamba mimi si mtu wa kunenepa ovyo. Mimi ni mkimbiaji. Jina langu ni Celine Aluoch, nina miaka thelathini na tisa, na kwa riziki ni karani wa masjala katika ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu bado inanilipa. Masjala yetu ni chumba cha chini kisicho na dirisha, ambamo faili huletwa zife. Kwa miaka kumi na mmoja watu wa ghorofa za juu wameniita "yule wa faili". Mara moja tu kwa mwaka jina langu huandikwa lote kwenye ubao wa matangazo: ofisi inapopeleka timu kwenye mbio za mashirika mwezi wa kumi, kilomita kumi, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo, miaka minne mfululizo, amekuwa mimi. Navaa jezi yenye jina la ofisi mgongoni, na Jumatatu inayofuata mkurugenzi mwenyewe hushuka hadi masjala akanipa mkono na kuniita Celine. Mnaweza kucheka. Mimi Jumatatu hiyo huingojea mwaka mzima kama mtoto anavyongojea Krismasi.

Mwaka huu kapteni wa timu, Bwana Luseno wa stoo, akatangaza kwamba kutakuwa na mchujo. Kisa ni kwamba idara ya uhasibu imeajiri msichana mmoja anaitwa Kui, miaka ishirini na sita, miguu mirefu, kiuno cha nyigu. Nilikutana naye kwenye ngazi.

"Aunty, usijali," akaniambia. "Tutakimbia tu, ni ya kujienjoy."

Aunty! Mimi na yeye hatuna undugu wowote, na hata tungekuwa nao ningeukana. Mchujo ulipangwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, saa moja asubuhi, Komarock anakoishi Luseno, mizunguko mitano ya barabara za mtaa wake, kila mzunguko kilomita mbili. Atakayetangulia kati yangu na Kui ndiye.

Sasa kilo nane zilitoka wapi? Swali hili lilinikera kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi kuliko wakati wowote maishani mwangu. Nililaumu kipupwe. Baridi ya Nairobi haina theluji ya kujitetea. Ni wingu tu la kijivu linalokaa juu ya mabati miezi mitatu kama mgeni asiyejua kuaga, na asubuhi blanketi linakushika mguu. Lakini mimi niliamka! Kila Jumapili saa kumi na mbili nilikuwa nje nimevaa fulana ya kijani ya Amka Mowlem, klabu yetu ya mbio za mtaani.

Kwa asiyejua, huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, karibu kila mtaa una klabu ya namna hii. Watu hamsini au mia wanakimbia pamoja wakiimba, filimbi mbele, bendera mbele ya filimbi. Na klabu haikai kwao tu. Jumapili hii Mowlem tunaalikwa Komarock, ijayo Pipeline, ile nyingine wao wanakuja kwetu. Mwenyeji hulisha wageni. Aliyekutembelea sharti umtembelee, aliyekulisha sharti umlishe, na kipupwe ndicho msimu wenyewe, maana jua halichomi.

Mwenyekiti wetu ni Muhiba, ambaye wote tunamwita Mama Nuha. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, Mswahili wa Pumwani aliyeolewa Mowlem, mpika mahamri mwenye sauti ya kusimamisha lori. Amekalia kiti miaka tisa kwa sababu moja ya msingi: Jumapili sisi wengine tukimaliza kukimbia tunawahi ibada ya pili, ilhali yeye ana siku nzima ya kupanga mambo ya klabu. Mwezi wa tano alinipa bendera.

"Wewe ndiye mwepesi wetu, Celine mwanangu," alisema. "Mwepesi ndiye hushika bendera. Wageni wakituona waseme, ahaa, hawa wana mtu."

Nikavimba kichwa. Sikujua kwamba sehemu nyingine nazo zilikuwa kwenye foleni.

Bendera ina kanuni zake. Anayeishika hukimbia mbele, lakini hamwachi mtu. Nyuma yangu kulikuwa na Mzee Kweyu, mstaafu wa reli mwenye goti bovu, na akina mama walioambiwa na daktari wapunguze presha, na mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Wimbo ndio hupima mwendo, na wimbo wetu unafuata pumzi za Mzee Kweyu. Kuna siku tulipitwa na mkokoteni wa maji, na ulikuwa umejaa. Halafu tukifika uwanja wa mwenyeji, mshika bendera hakai na umati. Hukaa meza kuu na wenyeviti, naye ndiye huanza kula, huku klabu nzima ya wenyeji ikimtazama mdomo. Akidonoadonoa, ameaibisha wenyeji. Akimaliza sahani anaongezwa, kwa kuwa inaonekana amependa.

Nilipenda chapati na ndengu za Komarock. Nilipenda matumbo ya Dandora. Nilipenda pilau ya Kayole, nikaipenda tena nilipoongezwa, nikafungiwa nyingine kwenye karatasi ya foili niende nayo nyumbani. Jumapili kumi nilipenda hivyo, nikitoka jasho na kujiita mwanariadha.

Aliyenifungua macho ni ndugu yangu Amolo, anayeishi Pipeline, ghorofa ya saba. Nilienda kumlalamikia mambo ya Munyoki. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo.

"Sista, wacha nikuulize. Mnajikokota masaa mawili mkiimba, alafu wewe unakula meza kuu?"

"Ni heshima."

"Hiyo si training. Hiyo ni harusi inatembea. Na wewe ndio bibi harusi."

Nilikasirika sana. Nikanywa chai yake yote nikaondoka bila kuaga. Lakini kufika ghorofa ya nne nilikuwa nimekubali, na kufika chini nilikuwa naogopa. Zilibaki wiki nne. Nikajiona nimesimama kando ya barabara mwezi wa kumi, nimeshika chupa za maji, nikimpa Kui moja akipita. Nikaona mkurugenzi akipanda ngazi kwenda uhasibu badala ya kushuka masjala.

Mtu mwenye hofu hachagui vizuri. Chaguo langu la kwanza lilikuwa koti la mvua. Nililivaa ndani, nikavaa sweta mbili juu, nikakimbia Barabara ya Kangundo mpaka viatu vikaanza kulia chwa, chwa. Nikaenda moja kwa moja kwa Munyoki. "Sitini na tisa!" akatangaza, na mama mboga akapiga vigelegele. Kwa furaha nikanunua maji chupa kubwa, nikayamaliza, nikapanda tena ili nisikie vizuri. "Sabini na nusu!" Munyoki akanieleza kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, kwamba maji nayo yana uzito.

Chaguo la pili lilikuwa kuacha chakula cha jioni. Siku ya tatu nilimfokea afisa mmoja mkubwa aliyekuja masjala kuomba faili, nikamwambia kama alilitaka sana asingelileta huku. Kumbe lilikuwa faili lake mwenyewe la kupandishwa cheo. Nikarudia ugali jioni hiyo hiyo, kwa usalama wa kazi yangu.

Chaguo la tatu nililipata nikienda kumwomba Amolo msamaha. Jengo lake lina ghorofa nane na halina lifti. Nikajiambia, Celine, hapa hakuna wimbo wala bendera, hapa ni wewe na ngazi. Kila jioni nikitoka kazini nikawa napanda na kushuka mara kumi. Siku ya kwanza wapangaji walidhani nakimbizwa, na mama mmoja akafungua mlango akaniuliza mwizi ameelekea wapi. Siku ya pili yule yule akanisubiri chini na mtungi wa lita ishirini.

"Si unapanda tu bure?" akasema. "Nibebee basi."

Maji hayapandi juu Pipeline, na neno likapanda haraka kuliko maji. Kufikia wiki ya pili kulikuwa na foleni pale chini: mitungi, gesi, gunia la makaa, godoro la nne kwa sita. Siku moja nilipanda na bibi mzima mgongoni, akinikemea nisimtikise. Sikulipwa na mtu, na tumbo halikuondoka kwa heshima niliyotarajia. Lakini mapaja yangu yalianza kujibu. Munyoki alipotangaza sitini na tisa wiki ya mwisho, ilikuwa sitini na tisa ya kweli, hata baada ya maji.

Hapo kati nilienda kumwona Mama Nuha, nikamwambia sitakuja Jumapili tatu. Nikamweleza kila kitu, ofisi, mkurugenzi, Kui na ule uaunty wake. Akaacha kukanda unga.

"Kwa hiyo hii ni haki yako, ataka kuichukua huyu mtoto."

"Ndiyo, Mama Nuha."

"Sawa. Lakini Jumapili ya mwisho ya Agosti twaalika sisi, klabu tatu zaja. Bendera yako."

Jumapili ile ile. Nikahesabu: mchujo saa moja, mbio za wageni saa mbili. Nikasema nitatoka Komarock moja kwa moja hadi uwanjani kwetu. Kosa langu ni kwamba aliponiuliza Komarock sehemu gani, nilimtajia hadi rangi ya geti la Luseno.

Jumapili ilifika na ukungu. Tulikuwa watatu tu na saa ya Luseno. Luseno alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani kwa namna ya mtu anayehesabu stoo.

"Madam Celine, baridi imekukubali," alisema.

Alipotupa ishara, Kui aliondoka kama aliyeitwa na mtu. Mzunguko wa kwanza alinipita hatua thelathini, wa pili hamsini. Sikuhangaika, kwa sababu Komarock ina mwinuko mmoja mrefu karibu na mwisho wa mzunguko, na kila tulipofika hapo nilimwona Kui akigeuka binadamu wa kawaida, nami nikigeuka yule mbeba makaa wa ngazi za Pipeline. Mzunguko wa tatu nilimkata mpaka hatua ishirini. Nilisikia pumzi yake. Nilianza kuona ule mkono wa mkurugenzi.

Ndipo nikasikia filimbi.

Walikuja kutoka barabara ya pembeni, ukuta mzima wa watu. Kijani mbele, nyuma yao njano, nyekundu na zambarau, klabu tatu za wageni, watu zaidi ya mia mbili. Mama Nuha alikuwa amewaamsha mapema akabadilisha njia yote ili wapitie hapo. Mwenyewe alikuwa mbele, baibui juu ya raba, ameishika bendera yangu.

"Celine eee!" akapaza.

"Wa Mowlem!" wakaitikia mia mbili.

"Miguu eee!"

"Ya Mowlem!"

Wakanizunguka kushoto, kulia na nyuma. Nilifurahi, nisiwe mwongo. Hakuna mtu aliyewahi kuniamshia mtaa mzima. Machozi yalinijia. Na miguu yangu, ambayo kwa Jumapili kumi ilikuwa imefundishwa utii, ilisikia ule wimbo ikaufuata. Niliona Kui akienda. Nikaiambia miguu ikimbie, ikaitikia ya Mowlem. Hatua ishirini zikawa arobaini, zikawa sitini, na pembeni yangu Mzee Kweyu akanitabasamia, goti bovu na yote, tukienda bega kwa bega.

"Madam, unatembea!" Luseno akapiga kelele kutoka getini kwake.

Ningeweza kusema asanteni, tangulieni, tutaonana uwanjani. Ningeweza kuinua mkono tu. Mimi niligeuka.

"Nyamazeni!" nilisema. "Nyamazeni na huo wimbo wenu! Nyinyi hamkimbii, mnatembeza matumbo tu!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Sijawahi kusikia watu mia mbili wakinyamaza kwa pamoja. Kilichobaki ni viatu, na baada ya kidogo viatu navyo vikasimama. Klabu tatu za watu zilikuwa zimetoka kwao alfajiri, zimealikwa na klabu yangu, na mshika bendera wa wenyeji amewatukana kabla hawajanawa mikono. Nilijua nilichofanya. Nilikijua wakati huo huo, na nilitumia ule ukimya kukimbia.

Mizunguko miwili nilikimbia kama mtu anayekimbia aibu yake, na kwa kweli ndiyo niliyokuwa naikimbia. Nilimkuta Kui kwenye ule mwinuko mara ya mwisho. Alikuwa ameshika ubavu. Nilimpita kwa hatua nne, na hatua nne ndizo tulizomaliza nazo.

"Dakika hamsini na tatu," Luseno alisema, akitazama saa yake kama iliyomsaliti. "Nafasi ni yako, madam."

"Aunty, umenimaliza," Kui akasema, ameinama. Sikuwa hata na moyo wa kumkumbusha kwamba hatuna undugu.

Ningeweza kwenda nyumbani. Nilienda uwanjani. Sufuria zilikuwa zimeshatoa moshi wa mwisho, pilau imeiva, wageni wamekaa kwenye mahema kwa rangi zao. Meza kuu ilikuwa imejaa. Kwenye kiti changu alikaa Mzee Kweyu, bendera katikati ya magoti, na hakujua aangalie wapi.

Mama Nuha hakunipigia kelele, na hilo liliniogopesha, maana yeye hupigia kelele hata chumvi. Alikuja na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, akanipa.

"Wageni hawajanawa," alisema.

Kwetu kazi hiyo ni ya watoto wa shule. Nikaanza na meza kuu, kisha njano, kisha nyekundu. Unainama, unamimina, mtu anasugua, unasogea. Watu mia mbili. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningepona upesi.

"Polepole, dadangu," mzee mmoja wa Dandora akasema, "tumbo langu bado liko matembezini."

"Mimina kwa speed basi," mwingine akasema, "si wewe ndio mkimbiaji?"

Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alichekewa na wenzake, na mimi nikisema pole. Nilianza kuisema kwa mdomo. Nilipotoka zambarau nikafika kwa watu wetu wa kijani, mgongo umekatika, nikimnawisha yule mama mwenye mtoto mgongoni, nilikuwa naisema kweli.

Nilipomaliza sufuria zilikuwa zinakwanguliwa. Nikakaa chini nyuma ya hema, kwenye mtungi uliolazwa. Mama Nuha akaja na sahani. Ilikuwa mlima. Pilau, viazi, mnofu mkubwa wa ng'ombe juu yake, kachumbari pembeni. Akaketi karibu nami, akashusha pumzi.

"Umeipata hiyo nafasi?"

"Nimeipata."

"Alhamdulillahi," akasema, na alimaanisha, nikaona. "Kula."

"Mama Nuha, mbio zimebakiza wiki sita tu."

"Mimi sijakuuliza wiki. Kula."

Nikala. Akanitazama mpaka nikafika nusu.

"Nikimaliza mbio," nikasema, "naweza kurudi?"

"Rudi. Utakimbia nyuma, na wenye magoti mabovu. Mpaka uujue mwendo wao."

Nikasema sawa. Mchele ulikuwa mtamu kuliko wa Kayole. Nililia juu ya sahani yote, na Mama Nuha alipouliza nini, nikasingizia pilipili.